Jicho la Papa na kobalti tunayoikanyaga

Papa, baba yangu, aliniita chumbani kwake asubuhi moja ya Julai, ule mwezi ambao baridi ya Lubumbashi huwafanya watu wakae na makoti mpaka jua lipande. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda. Jicho la kulia ameliziba kwa kiganja, la kushoto liko wazi, anatazama ukuta mweupe.

"Kuko moshi mu jicho," aliniambia. "Sawa vile mutu amewasha makala ndani."

Kufika jioni moshi ulikuwa umegeuka nyuzi nyeusi zinazoelea kila anapogeuza jicho, kama masizi ndani ya beseni la maji. Papa ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa kumi na tisa sasa, kwa hiyo nilidhani najua tutakachoambiwa: sukari imeua mishipa, jicho linakufa. Daktari wa macho alimtia matone ya kupanua mboni, akamchungulia kwa taa muda mrefu bila kusema neno, kisha akanieleza jambo nisilolitegemea. Ni kweli kuna mishipa iliyoziba. Lakini kuna mingine mipya imeota, tena mingi, mahali pasipo pake. Mmoja umepasuka. Moshi anaouona mzee ni damu.

Mimi nafundisha biolojia sekondari, hapa Katuba. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba mshipa wa damu ni njia ya uhai, na panapoota mshipa panaota nyama. Sasa naambiwa mwili wa baba yangu umejijengea mishipa kwa bidii yake wenyewe, na mishipa hiyohiyo ndiyo inayomfumba jicho. Nilirudi nyumbani na swali moja: ni nani aliyeamuru ijengwe?

Nililifuata swali hilo kwa miezi, usiku, kila umeme uliporudi. Sikuwaza hata kidogo kwamba njia yake ingepitia kwenye kobalti, jiwe la ardhi yetu, ambalo Papa amelifanyia kazi kiwandani miaka 31.

Nianze na umbali. Oksijeni ikitoka kwenye mshipa mwembamba kabisa wa damu haifiki mbali. Inapenya sehemu moja au mbili za kumi za milimita, basi, imekwisha kuliwa njiani na seli inazozipita. Ndiyo sababu karibu kila seli ya mwili wetu inaishi jirani na mshipa. Mtoto anapokua tumboni, kidonda kinapopona, msuli unaponenepa, seli nyingine hujikuta zimebaki mbali na njia. Zisipoita mshipa uje, zitakufa. Lazima basi zijue kwamba hewa imepungua.

Msichana mmoja wa darasa langu la tano aliwahi kuniuliza hivi: "Mwalimu, kama hewa haiko, seli inajuaka namna gani? Haina pua." Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamletea.

Jibu nililolipata ni hili. Seli haina kipimo kinachosoma oksijeni kama kipimajoto kinavyosoma joto. Inafanya jambo jingine kabisa: inatengeneza mjumbe mchana na usiku, hewa iwepo isiwepo, na papo hapo inamwangamiza. Mjumbe huyo ni protini iitwayo HIF-1 alfa. Penye oksijeni ya kutosha hamalizi hata dakika tano. Seli inagharimia kumjenga, inamvunja, inamjenga tena, maisha yake yote. Ukiona kwa mara ya kwanza utasema ni hasara tupu. Mimi nilisema hivyo.

Nilipokuwa namweleza Papa nilitumia Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia, maana hakuna mtu wa Lubumbashi asiyeijua foleni ya mpaka ule. Fikiri, Papa, kuna afisa ameketi dirishani na muhuri wake. Kila mjumbe anayepita anagongwa muhuri, mahali pawili mwilini. Mbele kidogo kuna mlinzi wa pili ambaye hatazami uso wala jina, anatafuta muhuri tu. Ila huku mambo ni kinyume cha Kasumbalesa: mwenye muhuri ndiye anayekamatwa na kupelekwa kusagwa. Asiye na muhuri anapita.

"Na wino?" Papa aliuliza.

Hapo ndipo penyewe. Wino ni oksijeni.

Afisa huyo ni kimeng'enya kiitwacho prolili haidroksilesi. Katikati yake kimeshika chembe moja ya chuma, na kwa chuma hicho kinakamata molekuli ya oksijeni na kuigawa. Atomu moja ya oksijeni inabandikwa kwenye mwili wa mjumbe, juu ya asidi amino iitwayo prolini, ile ya nafasi ya 402 na ile ya nafasi ya 564. Atomu ya pili inaingia kwenye molekuli ndogo inayotoka katika kazi ya seli ya kutengeneza nguvu. Vitamini C inasaidia chuma kibaki katika hali ya kufanya kazi. Mlinzi wa pili ni protini iitwayo VHL: akiona prolini yenye alama ya oksijeni anamng'ang'ania mjumbe na kumfunga mnyororo wa ubikuitini, na kila kilichofungwa mnyororo huo kinaishia kwenye proteasomu, kinu cha seli.

Sasa oksijeni ipungue. Afisa yuko dirishani, muhuri anao mkononi, wino hana. Wajumbe wanapita bila alama, mlinzi hawaoni, nao wanaingia kwenye kiini cha seli. Humo kuna mwenzao, HIF-1 beta, ambaye yeye hajali hewa; yupo siku zote. Wawili wanaungana na kukaa juu ya DNA penye neno fupi la herufi tano, ACGTG au GCGTG. Neno hilo limeandikwa karibu na mamia ya jeni. Wakikaa hapo, jeni inasomwa. Kwenye figo, hasa kwa kazi ya HIF-2 alfa, ndugu wa mjumbe huyu, inasomwa jeni ya erithropoetini, inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Na kwenye tishu iliyokosa hewa inasomwa jeni ya VEGF, protini inayoita mishipa ya damu.

Nililisoma hili mara tatu kabla ya kulala. Katika yote niliyowahi kufundisha, sijui kitu kizuri kuliko hiki: ukosefu wa hewa unatambuliwa kwa kazi ambayo haikufanyika, kwa muhuri ambao haukugongwa. Na ile niliyoiita hasara ndiyo siri ya kasi yake. Hewa ikikatika, seli haihitaji kuanza kujenga mjumbe. Yuko tayari njiani. Inatosha asiuawe.

Watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kufumbua haya: Gregg Semenza wa Baltimore, Peter Ratcliffe wa Oxford, daktari wa figo, na William Kaelin wa Boston, daktari wa saratani. Semenza alikuwa akitafuta kinachowasha jeni ya erithropoetini, ndipo akampata mjumbe. Kaelin alikuwa akiwatazama wagonjwa wa familia fulani zinazorithi uvimbe uliojaa mishipa ya damu, kwenye ubongo, kwenye figo, na kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mmoja wa madaktari wawili ambao ugonjwa huo umechukua majina yao, Eugen von Hippel wa Ujerumani, alikuwa daktari wa macho. Herufi V na H katika jina la mlinzi wetu ni zake. L ni ya Arvid Lindau wa Uswidi. Wagonjwa hao wamezaliwa na jeni ya VHL iliyoharibika. Mlinzi hayupo, wajumbe wanapita hata wakiwa na muhuri, na seli zinapiga kelele za kuomba mishipa huku zimezungukwa na hewa. Mwaka 2001 kundi la Kaelin na kundi la Ratcliffe walichapisha pamoja, katika toleo moja la jarida la Science, kwamba muhuri wenyewe ni ile oksijeni iliyobandikwa juu ya prolini.

Lakini kabla ya hapo walijuaje kwamba afisa ameshika chuma? Hapa ndipo lilipoingia jiwe letu.

Tangu 1929 ilijulikana kwamba panya wakilishwa kobalti damu yao huzidi chembe nyekundu, kama ya mtu aliyehamia mlimani. Katikati ya karne iliyopita kulikuwa na madaktari waliowapa wagonjwa wa upungufu wa damu chumvi ya kobalti kama dawa, mpaka madhara yake kwenye tezi ya shingo na kwenye moyo yalipoonekana. Hakuna aliyejua inafanyaje kazi. Mwaka 1988 Mark Goldberg, Sandra Dunning na Franklin Bunn waliziwekea kobalti seli zilizokuwa na oksijeni tele, nazo zikatengeneza erithropoetini kana kwamba zimenyongwa. Wakawaza kwamba kipimo cha hewa lazima kiwe protini yenye chuma, na kobalti imekalia kiti cha chuma. Walidhani ni chuma cha namna ile iliyo kwenye damu, na hapo hawakupatia. Kuhusu kiti walipatia. Baadaye Semenza alionyesha kwamba hata ukiinyang'anya seli chuma chake kwa dawa ya desferioksamini, bila kobalti yoyote, mjumbe anapanda vilevile. Na Ratcliffe mwaka 1999 alionyesha kwamba kobalti, au kuondoa chuma, kunamtenganisha mlinzi na mjumbe wake.

Kobalti inakaa kwenye kiti cha afisa na haijui kugonga muhuri. Inamaliza pia vitamini C iliyokuwa ikimsaidia. Wino umejaa, foleni inapita, hakuna anayegongwa, na seli inaamini kwamba inakufa kwa kukosa hewa. Mpaka leo katika maabara nyingi za dunia, mtafiti akitaka seli zake zijione hazina hewa bila kununua mashine ya kupunguza oksijeni, anachukua kloridi ya kobalti kidogo na kuidondoshea. Inaelekea sehemu ya kobalti hiyo ilitoka huku kwetu, maana sehemu kubwa ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka mikoa yetu ya Lualaba na Haut-Katanga. Sisi tunaijua kwenye magunia, kwenye malori ya barabara ya Likasi, kwenye ule mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyushia madini unaoonekana kutoka karibu kila pembe ya mji. Sikuwahi kuambiwa shuleni, wala sikuwahi kumwambia mwanafunzi, kwamba jiwe hili lilisaidia kuonyesha jinsi mwili unavyoijua hewa.

Nirudi kwenye jicho. VEGF ikitoka ndani ya seli inatawanyika kama harufu ya mboga inayoiva: kali karibu na jiko, hafifu mbali. Mshipa wa jirani unaipokea kwa vipokezi vilivyo juu ya seli za ukuta wake. Seli moja, ile iliyoinusa zaidi, inajitokeza mbele, inanyoosha vidole vyembamba kuelekea inakotoka harufu, na inawaashiria wenzake wa pembeni wasijitokeze nao, wafuate nyuma. Hao wa nyuma wanagawanyika, wanajipanga, wanafanya bomba. Njia ikikamilika damu inaingia, oksijeni inafika, afisa anapata wino, mjumbe anasagwa, harufu inakoma, ujenzi unasimama. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Kwenye jicho la Papa, sukari ya miaka mingi imeziba mishipa midogo ya retina, kiraka hapa, kiraka pale. Seli za viraka hivyo ziko hai na zinaita. Sauti yao haibaki kwenye kiraka, inamwagikia kwenye ute ulioujaza mpira wa jicho. Lloyd Paul Aiello na wenzake walipima ute huo kwa wagonjwa wa sukari, wakachapisha mwaka 1994: wenye mishipa mipya inayoota walikuwa na VEGF nyingi. Kwa hiyo mishipa inaota kufuata harufu inakozidi, juu ya uso wa retina na kuingia kwenye ute, mahali pasipo na nyama ya kulisha. Kuta zake ni laini, zinavuja, zinapasuka. Na kwa kuwa damu yake haifiki kwenye kile kiraka chenye njaa, sauti ya kuita haikomi.

Papa alisikiliza haya yote ametulia, chini ya mwembe, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Sasa ni kobalti njo imenifanya hivi?"

Miaka 31. Vumbi lile lilirudi naye nyumbani ndani ya nguo. Mama alikuwa anazipiga ukutani kabla ya kuzifua, na sisi watoto tulicheza hapohapo. Nakiri kwamba sehemu yangu ilitaka kusema ndiyo. Ingekuwa hadithi iliyokamilika, na kungekuwa na mtu wa kumlaumu.

Nilimwambia hapana, Papa. Alichokiona daktari ndani ya jicho lako ni picha ya sukari: vitone vya damu, mishipa iliyoziba, na jicho la pili limeanza vilevile. Kobalti ninayoieleza inamwagwa moja kwa moja juu ya seli zilizo kwenye chombo cha kioo. Kutoka hapo mpaka vumbi la kiwandani na jicho la mtu kuna safari ndefu, na sina haki ya kuiruka kwa sababu tu nina hasira.

Ila sikumwambia kwamba kobalti haina neno. Kiasi kidogo kabisa tunakihitaji, kimo ndani ya vitamini B12. Kikizidi ni sumu. Kule Quebec, Kanada, mwaka 1965 na 1966, viwanda vya bia viliweka chumvi ya kobalti ili povu lidumu, na wanywaji wengi waliharibika moyo na kufa. Hapa kwetu watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, akiwamo Célestin Banza, walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na mwaka 2009 wakachapisha kwamba kobalti ndani yake iko juu sana, ya watoto zaidi. Hilo ni swali kubwa, linadai jibu lake lenyewe, na naliona kama deni tulilonalo kwa watoto. Nisingependa lizikwe chini ya jicho la baba yangu kwa kisingizio kisicho chake.

Papa alinyamaza. Halafu akasema, "Njo vile. Basi tupiganie jicho."

Dawa aliyoshauriwa ilikuwa leza, na hapo tena nilikasirika, maana leza inachoma retina. Mamia ya vidoa vya moto, kwenye kingo za jicho lilelile tunalotaka kuliokoa. Nilimwomba daktari anieleze. Alisema watu walikuwa wakifanya hivyo kabla hawajajua kwa nini inasaidia. Utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha mwaka 1976 kwamba leza inapunguza upofu kwa zaidi ya nusu. Sababu ilieleweka polepole. Mwaka 1948 Isaac Michaelson alikuwa ameshawaza kwamba retina yenye njaa inatoa kitu kinachoita mishipa. Kitu hicho kilikosa jina kwa miaka arobaini, mpaka Napoleone Ferrara na wenzake walipoitambua jeni ya VEGF mwaka 1989.

Sababu yenyewe ni hii. Seli za retina zinazopokea mwanga ni miongoni mwa walaji wakubwa wa oksijeni katika mwili mzima, na gizani zinakula zaidi. Ukizichoma baadhi kule pembeni, mlaji amepungua. Oksijeni inayotoka nyuma ya jicho, iliyokuwa inaishia kwao, sasa inapenya mpaka ndani. Afisa anapata wino. Mjumbe anagongwa muhuri, anasagwa, VEGF inashuka, na ile mishipa mipya, isiposikia tena kuitwa, inanyauka. Mgonjwa analipa kwa kuona kwa pembeni na kuona usiku ili abaki na kuona kwa katikati, kule kwa kusomea na kwa kutambua nyuso. Kuna pia sindano za kuikamata VEGF yenyewe ndani ya jicho. Bevasizumabi ni mojawapo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo, kwa wazo lilelile la kuunyima uvimbe mishipa. Sindano zinarudiwa mara kwa mara, na kila kurudi kuna nauli na kuna bei. Tulichagua leza kwanza.

Mashine ya leza ya hapa ilikuwa imeharibika wiki zile, tukavuka kwenda Ndola, Zambia. Kasumbalesa tulisimama saa mbili juani. Papa alipofika dirishani alimwangalia afisa kwa jicho moja, akaangalia muhuri, akaangalia kibweta cha wino, muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili. Yule kijana akamuuliza, "Mzee, kuna shida?" Papa akasema hapana, mwanangu, fanya kazi yako, na akanishika mkono.

Tumekwenda mara tatu. Yule msichana wa darasa la tano nilimletea jibu lake ubaoni, na lilimaliza kipindi kizima na nusu ya mapumziko.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja na mvua imeanza. Kila asubuhi Papa anaziba jicho la kulia na kutazama ukuta wake. Moshi umepungua wiki baada ya wiki; nyuzi mbili tatu zimebaki, anasema zinashuka chini kama majani ya chai. Kalenda ya ukutani anaisoma, hata tarehe. Lakini upande wa kushoto amepoteza, na bega lake linagonga fremu ya mlango akitoka. Juzi alinyanyua kiti chake mwenyewe akakihamishia upande wa pili wa meza, ili mlango na sisi tunaoingia tuwe kuliani kwake.